Volti 6, volti 12, na mafundi wa Eastlands

Leo tuiweke programu kando, tuinue kiti cha nyuma cha gari. Sijakosea. Gari ninalotaka kulizungumzia ni Volkswagen Beetle ya zamani: injini iko nyuma, mizigo iko mbele, na betri imejificha chini ya kiti cha abiria wa nyuma.

Magari haya bado yapo Nairobi. Mengine huoshwa yakang'aa na kupelekwa kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance kule uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Mengine yako huku kwetu Eastlands, Buruburu, Jericho au Eastleigh, yamefunikwa turubai yakimngoja mwenyewe apate pesa. Na kama ni la miaka ya 1950 au mwanzo wa 1960, mwenyewe hufika siku moja kwenye swali lile lile. Betri ya volti 6 imekufa. Je, nihangaike kutafuta nyingine, au nibadilishe gari zima liwe la volti 12?

Linaonekana swali dogo la gereji. Lakini nikilitazama kama mwandishi wa programu, naona ndani yake historia nzima ya jinsi kiwango kimoja cha kiufundi hushinda na kingine hufa. Na mwisho wake haujafika bado, maana linatuuliza ni nani ataruhusiwa kugusa magari ya kesho. Twende polepole.

Sita ilitoka wapi?

Betri ya gari ya risasi na asidi ni seli zilizopangwa kwa foleni, kila moja ikitoa volti 2 na kidogo. Seli tatu ni volti 6. Seli sita ni volti 12. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Magari ya kwanza yaliwashwa kwa nguvu za mkono, kwa kuzungusha hendeli pale mbele. Injini ikirudi nyuma ghafla, mkono unavunjika. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilileta stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake wa Delco. Mfumo ule ulikuwa na mambo mengi: uliwasha injini kwa volti 24, halafu ukaendesha taa kwa volti 6. Baadaye watengenezaji wengi wa Marekani wakaona kwamba 6 peke yake inatosha. Gari lilikuwa na stata, taa na honi, basi. Betri ya seli tatu ni ndogo na nyepesi, kwa nini uongeze?

Volkswagen, iliyochorwa na kikosi cha Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, ikafuata sita. Waingereza wao walichanganya. Austin Seven ndogo ilikuwa ya volti 6, lakini magari yao mengi yalihamia 12 mapema. Morris Minor ilipotoka mwaka 1948 tayari ilikuwa ya 12, tena waya chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea leo.

Kwa hiyo fundi wa umeme wa Nairobi katika miaka ya 1950 alifanya kazi kwa lugha mbili, na moja ilikuwa na lahaja ya kuchanganya watu. Gari la Mjerumani sita, la Mwingereza kumi na mbili, na huyo Mwingereza huenda akawa kinyume. Ukikosea, unanusa moshi.

Sita haikuwa dhaifu

Kuna watu hudhani volti 6 ilikuwa ujinga wa wazee. Hebu waulize Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 washindi walikuwa Vic Preston na D. P. Marwaha. Mwaka 1957 wakashinda Gus Hofmann na Arthur Burton. Mwaka 1962 ikawa zamu ya Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Wote walikuwa kwenye Volkswagen, gari ambalo wakati huo lilitoka kiwandani na umeme wa volti 6. Usiku, matope, vumbi, mito iliyofurika, na sita ikafika.

Kwa hiyo kama sita ilishinda Safari mara tatu, kwa nini imetoweka? Kuna jibu la hesabu, na kuna jibu la mtaani. Yote mawili ni ya kweli.

Jibu la hesabu

Chukua taa mbili kubwa za mbele zinazotumia wati 90 kwa pamoja. Kwa volti 6 zinahitaji ampea 15. Kwa volti 12 zinahitaji ampea 7.5 tu. Kazi ni ile ile, lakini mkondo ni nusu.

Sasa weka kutu. Gari la miaka 60 lina kutu kwenye swichi, kwenye viungo vya fyuzi, na pale waya unaposhika bodi. Tuseme kutu hiyo yote imeleta ukinzani wa omu 0.1, kitu kidogo ambacho huwezi kukiona kwa macho. Kwenye gari la volti 6, taa zitabaki na volti 4.8 hivi. Kwenye gari la volti 12 lenye kutu ile ile, taa zitabaki na volti 11.3. Na mwanga wa balbu ya waya haushuki sawa kwa sawa na volti, unaporomoka. Hesabu ya haraka inasema gari la sita litabaki na chini ya nusu ya mwanga wake, na la kumi na mbili litabaki na kama asilimia 80.

Hapo ndipo ilipotoka ile sifa ya "taa za mishumaa". Sita ikiwa mpya na safi inafanya kazi vizuri. Ila haisamehe uchafu. Kumi na mbili inasamehe. Na kwa gari linaloendeshwa kwenye vumbi la Outer Ring Road, msamaha ni kitu cha maana sana.

Kule Marekani msukumo ulikuwa mwingine. Injini za V8 za miaka ya 1950 zilibana mafuta kwa nguvu zaidi, zikawa ngumu kuzungusha asubuhi ya baridi. Mwaka 1953 Cadillac, Oldsmobile na Buick za V8 zikahamia 12. Chevrolet ikafuata mwaka 1955, Ford mwaka 1956. Volkswagen ilijivuta hadi Beetle za mfano wa 1967 zilizouzwa Marekani, na zile za bei ya chini za masoko mengine zikachelewa zaidi.

Jibu la mtaani

Lakini Eastlands hatukuhamia kumi na mbili kwa sababu ya V8. Tulihamia kwa sababu kumi na mbili iligeuka kuwa sarafu ya mtaa.

Fikiria miaka ya 1970. Buruburu inajengwa kwa awamu, Umoja inakuja, na mwaka 1975 mradi wa viwanja vya Dandora unaanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu wanahamia mbali na mji na lazima wafike kazini. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta alitangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni ile waliyodaiwa mabasi, na matatu zikaongezeka kweli kweli. Peugeot 404 ilikuwa ya 12. Pikapu za Kijapani zilizofuata zilikuwa za 12. Kila moja ilihitaji betri, balbu, indiketa na koili, na maduka ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, yakajaza rafu kwa mahitaji hayo.

Halafu muziki ukaingia. Spika na amplifaya za matatu za kuelekea Buruburu zilitengenezwa kwa ajili ya volti 12. Mwenye gari la sita angesikia muziki huo kwa dirisha tu.

Halafu betri ikatoka garini ikaingia nyumbani. Mahali ambapo stima haikuwa imefika, watu waliwasha televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe kwa betri ya gari, na ikiisha wanaibeba hadi dukani kuchajiwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 paneli za sola zikaanza kuuzwa Kenya, nazo zikapangwa kuhudumia betri hiyo hiyo. Taa, redio, televisheni, paneli, chaja ya simu: vyote vikazungumza kumi na mbili.

Sasa msomaji wangu, jiweke mahali pa mwenye duka. Una nafasi ya betri kumi kwenye rafu. Je, utaweka ngapi za volti 6 kwa ajili ya yule mzee mmoja wa Jericho anayekuja mara moja kila baada ya miaka minne? Usipoweka hata moja, kosa si lako. Lakini siku hiyo umeliua gari la mzee, ingawa hakuna kilichoharibika ndani yake.

Ndivyo viwango vinavyokufa. Havifi kwa kushindwa kazi, vinakufa kwa kukosa majirani. Sisi wa programu tunalijua hili vizuri. Lugha ya programu inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini siku wanaoifahamu wakistaafu, kila mfumo ulioandikwa kwayo unageuka mzigo.

Volti ni makubaliano

Basi mzee wa Jericho ameamua kubadilisha. Watu wengi hufikiri kazi ni kununua betri ya 12 na kuiweka. Hapana. Volti ni makubaliano, na kila kifaa ndani ya gari kilitia sahihi makubaliano ya sita. Ukibadilisha upande mmoja bila kuwaambia wengine, vita vinaanza. Hawa hapa waliotia sahihi:

- Dainamo na reguleta yake. Lazima vibadilishwe vyote viwili, la sivyo betri mpya haitachajiwa.
- Balbu zote, mpaka ile ndogo ya dashibodi. Balbu ya sita ikipewa kumi na mbili inapata nguvu mara nne kwa sekunde moja, halafu giza.
- Koili ya plagi.
- Choki ya umeme kwenye kaboreta, kwa injini zilizo nayo.
- Rilei ya indiketa.
- Mota ya waipa. Hii hubadilishwa, au huwekewa kipunguza umeme njiani.
- Honi na redio.
- Stata. Hapa ndipo penye mjadala.

Stata ya sita ikipewa kumi na mbili huzunguka kwa hasira, na wengi huiacha hivyo hivyo kwa sababu inafanya kazi sekunde chache tu. Lakini inagonga meno ya flaiwili kwa nguvu. Kuweka stata ya kumi na mbili nako si kufungua na kufunga tu, kwa sababu ilitengenezewa flaiwili ya meno 130, na ile ya zamani ina meno 109. Ukibadilisha flaiwili unakutana na klachi. Ukikutana na klachi, injini imeshuka chini. Ndiyo maana swali la betri linaweza kuishia na injini juu ya gunia.

Na wapo ambao hawakutia sahihi kabisa. Nyaya zenyewe zinabaki, tena zinafurahi, maana zilitengenezwa nene kwa ajili ya mkondo mkubwa na sasa zinabeba nusu. Geji ya mafuta, kwa Beetle za miaka hiyo zilizo nayo, inavutwa kwa kebo, haijui umeme ni nini. Plagi zenyewe pia hazibadiliki.

Fundi mzuri unamjua hapa. Hakimbilii spana. Kwanza anatembea na kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho, akiuliza: wewe ulikubaliana na nani?

Zamani kazini kwangu tulibadilisha mfumo uliohifadhi pesa kwa senti ukawa wa shilingi. Tulibadilisha kila kitu, isipokuwa ripoti moja iliyochapishwa mwisho wa mwezi ambayo hakuna aliyeikumbuka. Ripoti ile iliendelea kugawanya kwa mia. Ilikuwa balbu yetu ya dashibodi. Tofauti ni kwamba sisi tuliomba msamaha kwa barua pepe. Fundi akisahau, gari linaweza kuwaka moto.

Sitanii. Betri ya Beetle iko chini ya kiti chenye springi za chuma. Ukiweka betri ndefu kuliko ile ya asili bila kifuniko, siku abiria mnene atakapokaa, springi zinagusa vichwa vya betri na kiti kinashika moto. Waya mnene wa kutoka betri hadi stata hauna fyuzi. Kumi na mbili inasamehe kutu, lakini shoti haisamehe.

Maarifa yalikaa wapi?

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, ikasema kwa sauti kwamba hawa watu wanaofanya kazi nje ya mfumo rasmi si wavivu wala si wahalifu, ni uchumi. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi vibanda, na jina la jua kali likaingia kwenye lugha ya serikali. Karatasi ya Sera nambari 1 ya mwaka 1986 ikazungumzia sekta hiyo waziwazi.

Lakini maarifa yenyewe hayakuandikwa kwenye karatasi hizo. Yalikaa mikononi. Kijana alijifunza umeme wa gari kwa kumshikia mkubwa wake tochi. Chombo chake cha kwanza kilikuwa balbu yenye nyaya mbili: ikiwaka, umeme upo, ikififia, kuna kutu mahali. Asiye na balbu aligusisha waya kwenye bodi akatazama cheche. Alikosea, akaungua kidole, akacheka, akajaribu tena.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Shule hii yote iliwezekana kwa sababu ya namba yenyewe. Volti 6 haiui. Volti 12 haiui. Unaweza kushika vichwa vyote viwili vya betri kwa mikono mikavu na usisikie kitu. Hatari ni moto na asidi, si kupigwa na umeme. Kumi na mbili ilikuwa mwalimu mpole, na mafundi wa Eastlands ni wanafunzi wake.

Namba inayofuata

Wahandisi wamejaribu kuruka tena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wa Ulaya na Marekani walipanga kuhamia volti 42. Mpango ukafa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kiasi fulani kwa sababu ile ile ya rafu ya duka: karibu kila balbu na kila rilei ya magari madogo ilikuwa ya 12. Baadaye volti 48 iliingia kimya kimya kwenye magari kadhaa, ikikaa kando ya 12, na mwaka 2023 Cybertruck ya Tesla ikaja ikitumia 48 kama mfumo wake wa kawaida.

Lakini mruko mkubwa ni ule wa magari ya umeme, nao umeshafika Nairobi. Mwaka 2017 kampuni ya Opibus, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, ilianza kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kuweka mota na betri. Ni kazi ya mzee wa Jericho kwa kiwango kingine: chukua gari la zamani, lipe volti mpya, tafuta kila kilichotia sahihi. Mabasi ya umeme nayo yanabeba abiria barabarani.

Kanuni za kimataifa za usalama wa magari zimechora mstari kwenye volti 60 za umeme wa moja kwa moja. Chini yake unahesabiwa kuwa salama kuguswa. Juu yake lazima ufunikwe na kuwekewa alama, na ndiyo maana nyaya kubwa za gari la umeme ni za rangi ya chungwa. Betri ya basi la umeme ina mamia ya volti. Hapo huwezi kugusisha waya ukatazama cheche. Kijana anayejifunza kwa kuungua kidole hatapata nafasi ya kucheka na kujaribu tena.

Kwa hiyo mruko wa 6 hadi 12 ulimwacha fundi mtaani na kazi yake, hata ukamwongezea. Mruko wa 12 hadi 400 unaweza kumtoa nje ya geti. Gari likiharibika litapelekwa kwa wachache wenye glavu, vipimo na kompyuta, na aliyewasha gari lako kwa miaka 30 ataambiwa akae mbali kwa usalama wake. Na wanaosema hivyo watakuwa na haki, kama hakuna aliyemfundisha.

Nasema afundishwe. NITA iko pale Commercial Street, Industrial Area, mwendo mfupi tu kutoka Makongeni na Kaloleni, na mitihani ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza imewapa vyeti mafundi wengi ambao hawakumaliza shule. Mlango wa volti kubwa upitie hapo hapo, kwa Kiswahili, na mtihani umkubali mtu aliyejifunzia chini ya mti. Sisi wa programu nasi tuna deni. Gari la umeme hukataa kuzungumza na fundi asiye na programu ya kulisoma, na programu hiyo ni sisi tunaoiandika, au tunaoifungia.

Kuhusu Beetle: kama bado unaye fundi anayeijua sita, na gari ni safi, usafishe viungo vyote vya bodi kabla hujatoa hata shilingi. Huenda taa zikakushangaza. Kama umeamua kubadilisha, andika orodha ya waliotia sahihi, mpe fundi nakala, na ufunike vichwa vya betri kabla mtu hajakaa.

Tuonane wakati mwingine. Nitarudi kwenye kompyuta, naahidi.